Ajali na Haki: Habari za Bibi Crystal Eastman, Mwanasheria wa Walioumia Kazini



Kamati ya Yubilei ilitutaka tuseme neno juu ya kazi na wafanya kazi, kwa kuwa wengi wetu katika jimbo hili twala kwa jasho la mashamba ya mkonge, la machimbo ya mawe, na la viwanda vya mbao. Tulifikiri siku nyingi tuseme nini. Mwisho tukaona afadhali tusiseme maneno ya kusifu kazi, maana sifa za kazi mmezisikia tangu utoto wenu. Tutawasimulia habari za mtu mmoja aliyeshika kalamu kwa ajili ya watu walioumia kazini. Kisha tutakiri mbele yenu kosa letu wenyewe, ambalo lisingalitendeka kama tungaliyajua mambo haya mapema.

Wazee wetu husema, Ajali haina kinga. Nasi hatuwapingi wazee. Lakini angalieni neno lenyewe. Kwa watu wa zamani ajali ilikuwa saa ya mtu aliyoandikiwa, saa ya kufa kwake. Leo ajali ni gari kupinduka, gogo kumwangukia mtu, mkono kushikwa na mashine. Maana mbili zakaa katika neno moja. Kwa hiyo mtu akiuawa na mashine, upesi twasema, Ndiyo ajali yake. Twainama, twazika, twanyamaza. Mwajiri naye anyamaza. Na mjane je?

Swali hilo ndilo lililomshika Bibi Crystal Eastman maisha yake. Alizaliwa mwaka wa 1881 katika mji wa Marlborough, huko Massachusetts, nchi ya Marekani. Baba yake na mama yake wote wawili walikuwa wachungaji katika dhehebu lao la Kiprotestanti. Mama yake aliwekewa mikono mwaka wa 1889, jambo lililokuwa nadra sana kwa mwanamke siku zile. Basi binti huyu alikulia katika nyumba ya wahubiri, katika mji wa Elmira, huko New York. Akapelekwa shule, akamaliza chuo cha Vassar mwaka wa 1903; mwaka uliofuata akapata shahada nyingine katika Chuo Kikuu cha Columbia, kwa elimu ya maisha ya jamii; kisha akajifunza sheria katika Chuo Kikuu cha New York, akamaliza mwaka wa 1907. Wanawake wanasheria wakati ule walikuwa wa kuhesabika, wala hapakuwa na watu wengi waliotaka kuwapa kazi.

Mwaka ule ule akaitwa kwenda Pittsburgh, mji wa tanuri za chuma cha pua, mji wa moshi usiku na mchana. Huko watu wenye elimu walikuwa wamekusanyika ili kuchunguza hali ya wakazi wa mji, naye akapewa fungu lake: ajali za kazini. Ndugu, tazameni jinsi alivyofanya, maana hapa pana somo kwa kila mwalimu na kila katibu wa kigango. Hakuanza kwa kupiga kelele barabarani. Alianza kwa daftari. Alichukua majina ya wote waliokufa kazini katika wilaya ya Allegheny, ulipo mji huo wa Pittsburgh, tangu tarehe 1 Julai 1906 hata tarehe 30 Juni 1907. Akayaona majina 526. Katika hao, 195 walikuwa watu wa viwanda vya chuma, 125 watu wa reli, 71 watu wa machimbo ya makaa, na 135 watu wa kazi nyinginezo. Tena akaandika habari za watu 509 walioumia katika muda wa miezi mitatu tu, wakapelekwa hospitali. Kisha yeye na wasaidizi wake wakatoka kwenda kuwatafuta watu wenyewe, nyumba kwa nyumba, wakiuliza: Alikufaje? Alikuwa na umri gani? Ameacha nani? Nao wamepata nini?

Wengi wa watu wale walikuwa wageni katika nchi, waliotoka mashariki ya Ulaya na Italia. Lugha ya mji hawakuijua sawasawa, wala sheria zake. Je, haya si kama ya kwetu, mtu atokapo kwao mbali akaja kukata mkonge mahali asipo na mjomba wala shangazi?

Habari zile zikatengenezwa kuwa kalenda ya mwaka mzima. Kila mtu aliyekufa alitiwa alama ya msalaba mwekundu chini ya siku yake. Waliokuwa wakisema kwamba mtu mmoja mmoja hufa kwa bahati mbaya waliiona kalenda ile, wakaona misalaba mwezi hata mwezi, kama mvua isiyo na kiangazi. Kifo cha mtu mmoja chaweza kuitwa bahati mbaya. Vifo 526 katika wilaya moja, kwa mwaka mmoja, vina jina jingine. Ndiyo maana wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: na watu kadhalika.

Sasa, juu ya sababu za ajali, wenye viwanda walikuwa na jibu moja: uzembe wa mfanya kazi. Bibi Eastman hakulikataa jibu lile kwa hasira, bali alilipima kisa kwa kisa. Akakuta kwamba wako waliojiponza wenyewe, lakini wako wengi ambao hawakuwa na kosa lolote. Tena akauliza, huyo mzembe amefanya kazi saa ngapi? Maana katika viwanda vile vya chuma watu wengi walifanya kazi saa 12 kila siku. Na zamu za mchana na usiku zilipobadilishana, mtu alifanya kazi saa 24 mfululizo. Mtu wa namna hiyo akisinzia kando ya moto, je, twasema ni uzembe, au twasema amechoka?

Na sheria ya siku zile ilikuwaje? Aliyeumia aliweza kumshtaki mwajiri, lakini mbele ya mlango wa haki palikuwa na kuta tatu. Ukuta wa kwanza: mwajiri akionyesha kwamba mfanya kazi naye alikosa, hata kosa dogo, shauri lilianguka. Ukuta wa pili: kama ajali imeletwa na mfanya kazi mwenziwe, mwajiri hadaiwi. Ukuta wa tatu: mtu alihesabiwa kuwa aliijua hatari alipoikubali kazi, basi amejitakia mwenyewe. Mjane alitakiwa kuzipanda kuta hizo tatu, na mikononi ana mtoto mchanga, na mashahidi wake ni watu wanaoogopa kufukuzwa kazi. Ndipo tuwezapo kufahamu neno hili aliloliona Bibi Eastman katika daftari lake: katika waume wenye jamaa waliouawa, zaidi ya nusu ya jamaa zao walipata dola 100 au pungufu, na wengine hawakupata hata senti moja.

Mambo hayo yote aliyatia katika kitabu juu ya ajali za kazini na sheria, kilichopigwa chapa mwaka wa 1910. Dawa aliyoitaja haikuwa ngeni. Wadachi walikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka wa 1884, na Waingereza tangu mwaka wa 1897. Nayo ni hii: tuache kutafuta ni nani aliyekosa. Kama mtu ameumia kazini, na alipwe fungu la mshahara wake lililopimwa na sheria, bila kesi ndefu. Mwajiri atatia gharama hiyo katika bei ya bidhaa yake, kama atiavyo gharama ya makaa na ya mafuta. Na mfanya kazi naye huacha kitu: anaiacha haki ya kushtaki ili apate fedha nyingi zaidi. Ni mapatano. Fungu si kubwa, lakini ni la hakika, tena laja mapema, watoto wasijafukuzwa shule. Na kuna faida ya pili: mwajiri ajuaye kwamba kila kidole kitamgharimu fedha, huweka kizuizi mbele ya msumeno kabla kidole hakijakatika. Hiyo ndiyo kinga ya ajali, nayo ni kazi ya mikono ya watu.

Mwaka wa 1909 Gavana wa New York, Bwana Charles Evans Hughes, alimweka katika tume ya kuchunguza jambo hili. Watu wa tume walikuwa 14, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Wakamfanya mwandishi wa tume. Kazi yao ikazaa sheria ya mwaka wa 1910, iliyowalazimisha waajiri wa kazi za hatari kulipa fidia, awe amekosa au hakukosa.

Furaha haikudumu. Mtumishi mmoja wa reli aliumia, akadai fidia kwa sheria ile mpya. Kampuni ikabisha, na shauri likafika mahakama ya juu ya New York. Tarehe 24 Machi 1911 waamuzi wakasema kwamba sheria ile ni batili, maana yamnyang'anya mwajiri mali yake naye hakutenda kosa. Kazi ya miaka ikaanguka kwa siku moja.

Na kesho yake, ndugu zetu, tarehe 25 Machi 1911, moto ukawaka mjini New York katika kiwanda cha kushona blauzi za wanawake kiitwacho Triangle. Kiwanda kilikuwa katika orofa za juu za jumba refu. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitalia waliokuja kutafuta maisha; wengine waliungua, wengine walijitupa chini kutoka madirishani, watu wakiwatazama. Mji ukalia. Lakini Bibi Eastman na wenziwe hawakukubali mji ulie tu na kwenda kulala. Wakadai milango ifunguke, wakaguzi waongezwe, na sheria ya fidia irudi.

Ikarudi. Kwa kuwa katiba ya New York ndiyo iliyotajwa kuwa kizuizi, raia walipiga kura mwaka wa 1913 kuibadili katiba yenyewe. Sheria mpya ikatungwa mwisho wa mwaka ule, ikaanza kutumika mwaka wa 1914. Na mwaka wa 1917 Mahakama Kuu ya Marekani yote ikaithibitisha. Tangu kubatilishwa hata kuthibitishwa ni miaka sita. Tunataja hesabu hii kwa ajili ya wale walio katikati yetu wanaokata tamaa shauri likiahirishwa mara mbili.

Bibi Eastman hakuishia hapo. Alifanya kazi ili wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Wakati wa vita kuu ya kwanza aliipinga vita, na mwaka wa 1917 yeye na Bwana Roger Baldwin walianzisha ofisi ya kuwatetea watu walioshtakiwa kwa ajili ya dhamiri zao na maneno yao. Ofisi hiyo ndiyo iliyozaa chama kikubwa cha kutetea uhuru wa raia cha mwaka wa 1920, nacho kingaliko. Kwa sababu ya mambo hayo akachukiwa na wengi, hata kazi ya kudumu ikawa shida kuipata. Mume wake alikufa mwaka wa 1927, naye mwenyewe akafa mwaka wa 1928, hajatimiza miaka 50, akiacha watoto wawili. Hatusemi kwamba kila neno lake twalikubali. Twasema tu kwamba daftari lake lilikuwa la kweli, na wajane wengi walikula kwa sababu yake.

Haya yatuhusu nini sisi? Hatudai kwamba Bibi Eastman ndiye aliyetuletea sheria. Lakini mbegu ni ile ile. Katika enzi ya Waingereza sheria ya fidia ilitungwa Tanganyika kwa mfano wa ile ya kwao. Sheria hiyo ya kale imeondolewa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na katika Tanzania Bara Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Mchango wa Mfuko hutolewa na mwajiri, wala haukatwi katika mshahara wa mfanya kazi. Aliyeumia kazini hupewa matibabu na fidia. Aliyekufa kwa ajili ya kazi, wategemezi wake wana fungu lao. Hii ni haki, si zawadi ya mtu.

Sasa twafika kwenye kosa letu, nalo tutalisema bila kuficha.

Miaka michache baada ya Mfuko kuanza, mtu mmoja wa kigango chetu alivutwa na mkanda wa mashine ya kuchambua mkonge, ile watu wa mashamba waiitayo korona tangu zamani. Akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Hatutalitaja shamba, wala jina lake. Alikuwa mwimbaji wetu. Tulimzika vizuri, kwaya ikaimba, jumuiya ikachanga unga na fedha. Siku ya tatu akaja karani mmoja, ana bahasha na karatasi. Katika bahasha mlikuwa na fedha za jeneza na za mkono wa pole. Katika karatasi mliandikwa kwamba jamaa wamepokea, wameridhika, wala hawana dai jingine.

Mjane akatuita ndani. Akatuuliza, "Mwalimu, wewe unajua kusoma. Nitie dole gumba?"

Tukaisoma karatasi. Tukaona maneno yale ya mwisho, na moyo ukatugutuka kidogo. Lakini karani alikuwa amesimama mlangoni, na wafiwa walikuwa wamechoka, nasi tulipenda mambo yaishe kwa amani. Tukamwambia, "Tia, mama. Ajali haina kinga."

Akatia.

Baada ya miezi mingi tulikwenda mjini kwa semina ya walimu, na mwanasheria mmoja akatufundisha habari za Mfuko. Tulipokuwa tukimsikiliza, tukaiona wino ya dole gumba lile mbele ya macho yetu. Tukamweleza baadaye faraghani. Akasema kwamba karatasi ile haikuwa na nguvu ya kumnyima mjane haki aliyopewa na sheria, lakini akauliza, "Ajali ilikuwa saa ngapi? Msimamizi wa zamu alikuwa nani? Ni nani walioona? Karatasi ya daktari iko wapi?" Hatukuwa na hata jibu moja. Katika daftari letu la kigango tulikuwa tumeandika jina la marehemu, tarehe ya maziko, na jumla ya rambirambi. Basi.

Tulirudi kumtafuta mama yule. Alikuwa amekwenda kwa kaka yake, safari ya siku mbili. Mashahidi walikuwa wametawanyika katika mashamba mengine. Tulizunguka muda mrefu kuwakusanya. Mwisho haki ikapatikana, na watoto wadogo wakarudi shule. Lakini binti wa kwanza alikuwa amekwisha kuacha shule ili apike katika nyumba za watu, naye hakurudi tena. Siku moja tulipomwomba radhi mama yake, alituambia kwa upole, "Mwalimu, mimi sikukasirika. Nilitia dole kwa sababu ulisema wewe." Ndugu, tungalipenda zaidi atutukane.

Kwa hiyo tunawaomba walimu na wazee wa vigango mambo manne, katika mwaka huu wa Yubilei.

La kwanza, kila kigango kiwe na daftari la ajali za kazini. Ajali ikitokea, iandikwe siku ile ile: jina, tarehe, saa, mashine au chombo, msimamizi, na walioona. Nakala za karatasi za hospitali zihifadhiwe.

La pili, mfiwa au majeruhi asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi yoyote mpaka isomwe na watu wawili wenye kuielewa, na siku moja ipite. Karani mwenye haki mkononi hawezi kuogopa kungoja siku moja.

La tatu, tuulize mapema, wala tusingoje. Mwajiri aarifiwe kwa maandishi, na ofisi ya Mfuko iarifiwe. Kuuliza si ujinga.

La nne, michango yetu isikome. Mtu hali haki wiki ya kwanza. Anakula unga wa jirani. Lakini tusidhani kwamba unga wa jirani umelipa deni la mwajiri. Upendo ni upendo, na deni ni deni. Tukivichanganya tunamsaidia mdaiwa, si mfiwa.

Tena twawaomba waajiri waliomo humu kanisani, maana wamo, wasituone kuwa adui. Aliyetoa mchango wake kwa Mfuko na kuweka kizuizi katika mashine yake hana la kuogopa katika daftari letu. Tutamwandika pia, kwa sifa.

Jimbo letu limehifadhi vitabu vizuri vya ubatizo, vya ndoa, na vya maziko, tangu wamisionari wa kwanza. Katika vitabu hivyo hakuna mtu mdogo. Mtoto wa mkata mkonge ameandikwa kwa wino ule ule wa mtoto wa mkuu. Twaomba wino huo ufike pia mahali watu wanapoumia. Sisi wenyewe tumekwisha kununua daftari la kigango chetu. Jina la kwanza tuliloandika ni la mwimbaji wetu yule, pamoja na saa, na msimamizi, na mashahidi, yote tuliyoyakusanya kwa shida. Na chini yake tumeandika jina la mwalimu aliyesema, Tia, mama. Ndilo jina letu.